Riveti Kumi na Tisa

Gari lilikuwa la marehemu Bwana D'Mello,
wakala wa meli, Ganjoni, ghorofa ya pili,
aliyeliosha kila Jumamosi kwa maji ya mvua
kwani ya mfereji, akisema, yana chumvi.
Chumvi ikamcheka.
Chumvi ya hapa haingoji ndoo. Huja na hewa
saa nane mchana, pamoja na harufu ya viazi karai,
ikajipenyeza ndani ya mlango, ikakaa kimya
kama mpangaji asiyelipa kodi.

Bintiye aliniuzia kwa bei ya friji.
Datsun ya milango miwili, ya sabini na mbili,
pua ndefu, kiuno chembamba,
kiti cha dereva kimezama kulia
upande aliouegemea mzee miaka yote ile.

"Usipoziba ufa," akaanza mke wangu Zamzam,
nami nikamalizia: utajenga ukuta.
"La," asema. "Usipoziba kutu, utaendesha upepo."

Fundi Swaleh Bamkuu, wa Tudor, mkabala na kinyozi,
alifungua boneti, akasonya.
"Toa hii. Nikutilie ya Toyota, ya juzi, ina kompyuta yake.
Ukikanyaga husikii kitu, waona tu Mariakani."
Na kabureta?
"Uza. Hizi mbili ni wake wenza:
ukimridhisha huyu, yule azira."

Nikakataa. Nilitaka lile lile, la asili.
Miezi saba nikaisaka asili:
gasketi Mwembe Tayari;
plagi kwa Taherali, ndani ya karatasi ya mafuta
iliyokunjwa kabla sijazaliwa;
raba ya kioo cha mbele ikaja kutoka Dubai
katika sanduku la nguo za harusi ya shemeji.
Jioni niliketi na kopo la petroli na mswaki
nikisugua jeti za kabureta, tundu dogo kuliko la sindano,
nikipuliza, nikichungulia juani:
kipande cha mnara wa msikiti, chembamba kama uzi.

Ndipo Mutinda, mchomeleaji, akainua zulia.

Chini ya miguu ya dereva, pale kutu ilipokula bati,
palikuwa na kopo la Kimbo
lililokatwa, likanyooshwa, likapigwa riveti kumi na tisa
zilizonyooka kama mwandiko wa karani.
Herufi zasomeka bado.
Miaka mingapi mzee alikanyaga breki
juu ya mafuta ya kupikia?

Tukapekua zaidi. Springi za mbele ni za pikapu.
Swichi ya taa ni ya ukutani, ya nyumba.
Waya wa honi ulikuwa wa kengele ya mlango.
Swaleh alicheka hata akakalia tairi.
"Asili yako hiyo! Mwenzio alishaizika."

Mimi sikucheka. Usiku nikawa nageuka kitandani
nikiona mikono ya mzee, mkasi wa bati, kopo.

Asubuhi nikapiga simu. Tia springi fupi.
Tia breki za diski nyuma.
Tia feni ya umeme, foleni ya Changamwe haina huruma.
Na injini?
Injini niachie. Na wake wenza wangu niachie.

Sasa limeshuka, laambaa lami.
Likoni, kwenye mteremko wa feri, lilikwangua chini
sauti ya kijiko katika sufuria tupu,
abiria wote wakageuka, na mbuzi mmoja.

Bati la Mutinda ni zuri, zito, halina maandishi.
Lakini upande wa pili, ambako kutu ndiyo kwanza yabisha hodi,
nimekata kopo mwenyewe, nikalipiga riveti.
Kumi na saba. Mbili zimepinda.

Zamzam amevua viatu, akaiweka miguu papo hapo,
akainama, akasoma.
"Hata garini," asema, "wanirudisha jikoni."
Nikavuta choki.
Wake wenza wakakohoa, mmoja, kisha wa pili.